Chapa Isiyo na Mwenyewe: Kumuaga Esekon Ekidor

Ijumaa ya tarehe 31 Oktoba 2025, Bwana Esekon Ekidor, Msanifu Mkuu wa Michoro katika Kitengo cha Machapisho cha Shirika la Maji Jirani, anastaafu baada ya kulitumikia shirika kwa miaka ishirini na saba. Cheo cha Msanifu Mkuu alipewa mwaka wa 2010. Msanifu mdogo hajawahi kuwepo.

Nimeketi naye chumba kimoja hapa Lodwar kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo, yeye akichora na mimi nikisahihisha maneno yanayokaa chini ya michoro yake. Meneja ameniomba niandike wasifu huu kwa sababu, kwa maneno yake, namfahamu mstaafu vizuri na wiki hii sina kazi nyingi. La kwanza ni kweli.

Nianze na lile ambalo kila mtu ananiuliza kwenye korido. Ndiyo, Bwana Esekon anastaafu mwezi huu na kuoa mwezi ujao. Bibi harusi ni Mama Nakiru, yaani Awoi, ambaye amekuwa akimfungia chakula cha mchana tangu kabla ya baadhi yenu kumaliza shule ya msingi. Wageni wa makao makuu wameuliza kwa adabu kama huyu ni mke wa pili. Si wa pili, ni yule yule. Harusi yao imechelewa miaka mingi, na sehemu kubwa ya kuchelewa huko ilisababishwa na nembo ya shirika letu. Ndiyo maana naona ni haki jarida la shirika lieleze.

Esekon alizaliwa hapa Lodwar, mtoto wa Ekidor, mpishi wa misheni. Alijifunza rangi kwa kuandika vibao vya maduka. Mwaka wa 1998 shirika lilimwita aandike neno HATARI kwenye uzio wa jenereta. Aliandika vizuri, akamaliza kabla ya saa sita, na kwa kuwa hakuna aliyemwambia aende nyumbani, alikaa. Mwisho wa mwezi jina lake lilikuwa kwenye orodha ya mishahara. Hakuna aliyewahi kupata barua yake ya ajira, na sasa tunayo shida kidogo ya kutafuta aliyeiandika ili naye amtolee Esekon barua ya kuacha kazi.

Kazi iliyomtambulisha ni bango la kunawa mikono. Alichora bomba limefunguliwa, maji yanatiririka, na mikono miwili chini yake. Bango lilipobandikwa Kakuma, wafugaji walikuja ofisini kuuliza ni nani ameacha maji yakimwagika hivyo, na kwa nini hakuna anayekwenda kulifunga bomba. Esekon akachora upya, bomba limefungwa. Wakarudi kuuliza hao watu wananawa kwa maji gani. Toleo la tatu lina kibuyu chirizi na mguu unaokanyaga kijiti, na ndilo linalotumika mpaka leo. Yeye huliita bango hilo chuo chake cha sanaa, kwa kuwa hakupata kingine.

Saa za kazi alichora ya shirika. Mwisho wa juma alidandia gari letu la Kakuma, na makopo ya rangi miguuni, akaenda kuchora ya kwake. Vibao vingi vya biashara kwenye kambi ya wakimbizi na njia ya Kalobeyei ni mkono wake, vyote vya bure. Kile cha Mama Nyagoa, aliyetoka Sudan Kusini akafungua hoteli ya ugali na samaki, kinasema CHAKULA IKO TAYARI. Nilimwambia Esekon kwamba chakula kipo tayari, na akafikisha ujumbe wangu kwa uaminifu. Nyagoa alijibu kwamba chakula ambacho kipo ni cha maofisini, na kwamba cha kwake iko. Kibao kimebaki hivyo na hoteli hujaa. Kwa kinyozi Gatwech mambo hayakwenda sawa sana. Esekon alimpiga picha Gatwech mwenyewe na kumchora kichwa kizima ukutani, kazi safi kabisa, ila Gatwech ana upara. Wateja walidhani huo ndio mtindo unaotolewa hapo, na waliotaka kubaki na nywele walienda kwingine.

Kamera aliinunua kwa mfanyakazi mmoja aliyekuwa akihama. Aliitunza ndani ya kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko, kwa sababu vumbi la huku halimwogopi mtu wala mashine. Alipiga picha asubuhi mapema tu. Saa nne ikishapita, alisema, jua la Turkana linafuta kila kitu na unabaki na picha ya mwanga. Alichopiga kilitushangaza. Kila mwenye kamera hapa hupiga ziwa, shanga za akina mama na machweo. Esekon alipiga mbavu za ngamia, mapaja ya punda na shingo za ng'ombe. Alikuwa akikusanya chapa za mifugo, zile alama zinazochomwa kwa chuma cha moto.

Kila picha aliichora upya kwa wino mweusi kwenye kipande cha karatasi cha mraba na kukibandika kwenye ukuta wa ofisi yetu. Ukuta ukajaa mistari, nusu duara, misalaba na vidole vya ndege. Ulikuwa ukuta mzuri kuliko chochote tulichowahi kuchapisha. Mwaka mmoja aliugeuza kalenda, kila mwezi na chapa yake. Koo kumi na mbili zilifurahi. Zilizobaki zilituma watu kuuliza zimekosa nini, na kalenda ya mwaka uliofuata ikawa na picha za mifereji.

Wageni waliona hiyo ni burudani ya msanii. Mimi nilidhani hivyo hivyo, mpaka siku alipoeleza bila kuulizwa, huku akichonga penseli. Baba yake, Ekidor, aliletwa misheni akiwa mtoto wa kubebwa, mwaka wa njaa. Aliyemleta hakusema mtoto ni wa nani, au alisema na aliyemsikia hakujua Kiturkana. Mtoto akakulia jikoni, akapika mpaka akafa, na hakuwahi kumiliki mnyama aliyezidi kuku. Kuku hapigwi chapa.

Kwa wale waliotoka mbali, neno hapa ni moja. Emachar ni ukoo wa mtu, na emachar ni chapa ya mifugo ya ukoo huo. Ukimwuliza mtu chapa yake umemwuliza yeye ni nani. Mwanamke akiolewa kwa desturi kamili, hutoka katika emachar ya baba yake na kuingia ya mumewe, na watoto wanamfuata. Kabla ya hapo yeye na watoto ni wa baba yake, hata kama mume analala nyumba hiyo hiyo na ndiye analipa karo. Esekon alikuwa na Awoi, na baadaye Nakiru na mdogo wake Lomuria, na hakuwa na emachar ya kuwaingiza. Alikuwa akiitafuta ya baba yake, ngamia baada ya ngamia, akitumaini siku moja mwenye mnyama ataangalia sura yake na kusema, alaa, kumbe wewe ni wa kwetu, wa yule mtoto aliyepotea.

Haya ndiyo yaliyokuwa moyoni mwake mwaka wa 2012 makao makuu yalipoagiza nembo mpya yenye ladha ya mahali. Esekon aliangalia ukutani na kuchukua moja: nusu duara iliyofunguka juu, na mistari miwili inayoshuka chini yake. Ofisi nzima iliona bakuli na maji. Nairobi waliona bakuli na maji wakapiga makofi kwa barua pepe. Ile picha aliipiga njia ya Kalobeyei, ngamia akiwa peke yake anakula miiba, na hakukuwa na mtu wa kumwuliza. Alijua ni chapa ya ukoo fulani. Alidhani ikitoka kwenye ngozi na kupanda kwenye tangi inakuwa mchoro tu. Hapo ndipo kukulia mjini kulipomponza. Kiswahili nacho hakikumwonya, maana kwetu ofisini kupiga chapa ni kuchapisha.

Nembo ilipakwa kwenye matangi kumi na moja kati ya Kakuma na Kalobeyei, kubwa, buluu, ya kuonekana barabarani. Muda si mrefu maji yakaanza kubaki. Akina mama waliokuwa wakipanga foleni walianza kupita kando ya tangi na madumu yao matupu, wakaenda kuchimba mchanga wa lagga, ule mto mkavu, kama walivyofanya kabla hatujaja. Watoto wao waliumwa matumbo. Shirika lilileta mtaalamu na maswali yake, naye akaandika kwamba jamii inahitaji kuhamasishwa. Tulihamasisha. Esekon alichora bango, na chini kabisa ya bango akaweka nembo.

Kisha fulana zenye nembo zikafika kutoka Nairobi. Esekon alivaa yake akaenda nayo nyumbani. Awoi alikuwa anapakua chakula. Hakuwahi kufika ofisini kwetu, alisema ile mashine ya baridi inamuumiza masikio, kwa hiyo ule ukuta hakuuona hata siku moja. Alimtazama mumewe kifuani, akaweka mwiko chini.

"Esekon," alisema, "mbona umevaa baba yangu?"

Baba yake Awoi ni Mzee Lokeris, mwenye ngamia wengi upande wa Kalobeyei. Esekon alikuwa amekutana naye mara chache, mjini, mzee akiwa na fimbo na kile kigoda chake cha ekicholong bila mnyama hata mmoja wa kumtambulisha. Sasa kila kitu kilieleweka. Kwa macho ya watu wa kule, kila tangi lilikuwa la Lokeris, na mwanamke wa ukoo mwingine hawezi kunywesha watoto kwenye mali ya mtu bila kuombewa ruhusa. Zaidi ya hapo, aliyepiga chapa hiyo ni mkwe mtarajiwa ambaye hakuwa ametoa mahari ya maana. Mzee Lokeris alikuwa amefanya hesabu ambayo mtu yeyote mwenye akili angeifanya. Siku hizo hizo mjomba wangu Abdimajid, ambaye lori lake hupeleka sukari Kalobeyei, alileta salamu za mzee ofisini na kuzisoma kama alivyozipokea, kwamba mkwe ameyaona matangi na anashukuru. Hayatembei, lakini pia hayafi.

Tulicheka wote isipokuwa Esekon. Yeye alikuwa ameshaona alipokwama. Akiyaacha matangi yalivyo, akina mama wataendelea kuchimba mchanga, na siku makao makuu yakijua sababu, kazi hana. Akifuta ile chapa, amenyang'anya mahari mbele ya watu, na Lokeris atakuwa na haki ya kumrudisha binti yake pamoja na watoto, ambao kwa desturi walikuwa wake tayari. Nilimwona mchana huo amekaa mbele ya ukuta wake wa michoro hajagusa chakula. Nilimwonea huruma sana, nikamsahihishia bango.

Alikwenda na Awoi kwa Lokeris, hakuchukua meneja wala mtafsiri. Mzee alisikiliza yote: picha, ngamia wa njiani, bakuli na maji. Awoi anasema baba yake alicheka mpaka akakohoa. Kisha akawa mkali. Matangi, alisema, anayarudisha, kwa sababu tangi halikamuliwi na halizai, na hataki binti za jirani zake wanywe mchanga kwa ajili ya jina lake. Ngamia wa mahari atawangoja. Lakini siku Esekon atakapokuja kuoa, asije na ngamia peke yake. Aje na emachar yake. Binti hawezi kutoka kwa baba akaingia hewani.

Kwa hiyo nembo ikafutwa. Makao makuu tuliwaambia rangi ya buluu ilikuwa haistahimili jua, jambo ambalo pia ni kweli. Ilihitajika nembo nyingine, na safari hii Esekon alitaka moja tu: ile ambayo hakuna kiumbe chenye miguu minne kinayo. Alichora upinde mmoja na nukta tatu chini yake. Akailinganisha na ukuta wote. Akaipeleka soko la mifugo la Lodwar na la Kakuma, akawaonyesha wazee, wakatikisa vichwa. Alimwuliza Abdimajid kuhusu ngamia wa Wasomali, na mjomba akapiga simu mpaka kwa shangazi zetu wa Garissa, wakasema hapana. Kinyozi Gatwech alisema kwao hawachomi, hukata masikio, kwa hiyo maadamu haitakatwa kwenye sikio hana neno. Ndipo ikapakwa. Akina mama wakarudi na madumu yao. Shirika likapata tuzo ndogo ya ushirikishwaji wa jamii, iko kwenye kabati la mapokezi, nyuma ya chupa za maji.

Tangu siku hiyo hobi ya Esekon ilikuwa mbio. Likizo zake zote alizimalizia njiani na lile kopo la maziwa. Alifika Kapedo, ambako mwanamume mmoja alimkumbatia kama ndugu yake aliyepotea, akamwonyesha chapa, akamchinjia mbuzi, na ilipofika jioni akamwomba kazi za shirika kwa wanawe wawili. Miaka ya yule ndugu na miaka ya Ekidor ilipopangwa haikukutana. Alifika Kerio, kwa wavuvi, na samaki hawapigwi chapa, lakini aliambiwa yuko bibi mzee anayeikumbuka njaa ile. Bibi aliikumbuka. Alikumbuka watoto wengi waliobebwa kupelekwa misheni, akaanza kulia, na hakuweza kusema yupi alikuwa wa nani. Esekon alirudi na samaki wakavu. Baadaye aliniambia alikuwa amepanga cha kusema akiipata, na hakuwa amepanga cha kusema asipoipata.

Wakati huo wote alinunua ngamia, mmoja mmoja. Ukame ulichukua, naye akaanza tena. Hakuwapiga chapa kwa kuwa hakuwa na ya kuwapiga. Wachungaji wa njia ya Kakuma waliwajua na kuwaita ngamia walio uchi.

Mwaka huu Nakiru, ambaye ni muuguzi hapa mjini, alipata mchumba, mwalimu mpole kutoka Lokichar. Watu wa mwalimu walikuja na swali moja la adabu. Mahari wapeleke kwa nani? Kwa desturi jibu lilikuwa Lokeris. Esekon angekaa pembeni kwenye harusi ya binti yake kama mgeni aliyealikwa kwa wema, na hata harusi hiyo isingefanyika kabla ya mama wa binti kuolewa. Sijawahi kumwona Esekon amekasirika ila wiki ile. Alikasirikia kompyuta, alikasirikia rangi, alinikasirikia mimi kwa sababu ya mkato. Niliuacha mkato pale alipoutaka, ingawa haukuwa mahali pake.

Mwezi wa nane tulikwenda kwa Lokeris. Tulikuwa Esekon na watu wa nyumba yake, meneja, mimi, Abdimajid kama mzee wa upande wetu, na ngamia walio uchi kumi na wanne mbele yetu. Mzee sasa haoni vizuri, lakini alizunguka kila ngamia akimpapasa ubavuni, polepole, kama mtu anayetafuta kitufe cha shati gizani. Watu walikuwa wengi, kwa kuwa habari ilikuwa imetangulia. Alipomaliza alikaa kwenye ekicholong akauliza kwa Kiturkana, nami natafsiri:

"Ngamia nimewaona. Binti yangu anaingia emachar gani?"

Esekon alisimama. Mtu aliyepiga picha chapa za Turkana yote, kutoka Kapedo mpaka mpakani, alikuwa amesimama mikono mitupu. Alianza kusema habari za baba yake na jiko la misheni, na hakufika kwenye chapa. Awoi alikuwa ameketi na wanawake, akiangalia chini. Nakiru alishika mkono wangu kwa nguvu mpaka pete yangu ikaniumiza.

Aliyeongea ni Apua, mwenyekiti wa kamati ya maji ya tangi la tano. Alikuja kwa shughuli za jirani na hakuwa kwenye ratiba. Aliongea Kiswahili, nadhani ili meneja naye asikie.

"Huyu mzee iko na chapa," alisema. "Si iko kwa tangi? Sisi tunakunywa kwake kila siku."

Halafu akamweleza Lokeris kwa Kiturkana, na wanawake wengine wakamsaidia, wote kwa pamoja. Hapo ndipo mimi, mwandishi wa ripoti za robo mwaka, nilipojifunza jambo ambalo halimo katika ripoti hata moja. Kule visimani hakuna anayesema tangi la Maji Jirani. Husema naenda kwa Esekon. Ule upinde na nukta tatu, watoto waliozaliwa baada ya mwaka ule wanaujua kama emachar ya Esekon, kwa sababu mama zao walimwona akiupaka kwa mkono wake, nao wenyewe wakamwona akija kuurudishia rangi kila ulipofifia.

Lokeris aliomba achorewe. Apua alichora kwenye mchanga, akaushika mkono wa mzee na kuupitisha juu yake, upinde, kisha nukta moja moja. Mzee aliuliza kama kuna mnyama wa mtu yeyote mwenye alama hiyo. Esekon alisema hakuna, na kama kuna mtu duniani ambaye angeweza kuapa kwa hilo ni yeye. Wazee wakaongea kwa muda. Wengine walisema emachar haianzishwi na mtu mmoja. Lokeris aliwajibu kwamba kila moja ilianzishwa na mtu, ila huyo mtu alishakufa, na huyu wa kwetu bado yupo, ndiyo tofauti. Kisha akasema chuma kiwekwe motoni.

Ngamia wa kwanza alilalamika kwa sauti mpaka akasikika Ethiopia. Chuma alishika Esekon mwenyewe. Kwa miaka yote ile sijamwona akichora mstari uliopinda, na upinde ule ulitoka umepinda kwa upande, nukta ya tatu imeteleza. Hakuomba kurudia. Alilia waziwazi, bila kujifuta, na Awoi alinyanyuka kutoka kwa wanawake akaja kusimama karibu yake. Kamera ilibaki ndani ya kopo lake, hakuikumbuka. Picha iliyo kwenye jalada la jarida hili nimeipiga mimi kwa simu. Kile kitu cheusi kwenye kona ni kidole changu, na mstaafu ameshanieleza kwa kirefu yote mengine yaliyo na kasoro.

Harusi ni Jumamosi ya tarehe 22 Novemba, nyumbani kwa Mzee Lokeris, na wafanyakazi wote mmealikwa. Dume la ng'ombe la kuchinjwa lipo. Usafiri ni lori la Abdimajid, mje na vitambaa vya vumbi. Kadi ya mwaliko ameisanifu mstaafu mwenyewe na maneno nimesahihisha mimi. Nakiru ataolewa Desemba, na watu wa mwalimu wameshaambiwa mahari yao wampelekee baba yake.

Limebaki jambo moja la kiofisi. Wiki iliyopita makao makuu yalituma waraka kwamba kuanzia Januari shirika litakuwa na nembo mpya, iliyotengenezwa na kampuni ya Nairobi, na kwamba ya sasa iondolewe mara moja kwenye matangi, magari, fulana, na kila mahali pengine inapoonekana, wala isitumiwe tena na mtu yeyote. Meneja ameniachia mimi nijibu. Nimejibu kwamba magari yatapakwa rangi na fulana zitakusanywa. Kuhusu matangi, nimeshauri waulize kwanza kamati za maji. Kuhusu ngamia kumi na wanne, mama mmoja na watoto wawili, nimewaeleza kwamba hao si mali ya shirika, ni wa Esekon, na chapa wanayo.

Bwana Esekon, kwa niaba ya ofisi za Lodwar na Kakuma, asante kwa kazi yako, kwa ukuta wako, na kwa uvumilivu wako juu ya mikato yangu. Nenda ukaoe, mzee. Maisha yawe mema kwako na kwa wote walio wa emachar yako.

Ebla Aden
Kitengo cha Machapisho, Lodwar